Kidari cha Mwenyewe

Prisca mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umenuna tangu Krismasi, unadonoa chakula, unaniitikia "ndiyo mama" na "hapana mama" kama karani wa posta, na saa hizi umekwenda kumuaga shangazi yako Apolonia ingawa ulishamuaga jana. Umekwenda ili usikae na mimi jioni hii ya mwisho. Haya. Nimewasha chemli mapema, nimevuta meza karibu na mlango, naandika haraka kabla hujarudi. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, uikute ukishafika chuo cha unesi Songea, mahali ambapo huwezi kunifungia mlango wa chumba usoni.

Habari za kuchemsha maji, za wavulana, za kusali rozari, nimeziruka. Ulishazisikia mpaka zikakuchosha. Nataka kuzungumza juu ya neno uliloniambia siku ya mwaka mpya, umesimama penye banda la ng'ombe na ndoo mkononi. Ulisema, "Krismasi mimi sirudi tena hapa. Nirudi kwa nani? Baba umeshamla."

Sikukujibu. Jibu la hasira nilikuwa nalo tayari, nikalimeza, na jibu la kweli halikuwa limekuja. Sasa kesho unapanda basi, na nikikuacha uondoke na neno hilo litakuwa kweli. Wewe ukisema hurudi, hurudi. Umechukua kwa baba yako, naye alikuwa mtu wa kushikilia neno hata likimuumiza. Naogopa, Prisca. Sijaogopa kitu hivi tangu mkesha wa Krismasi, na huo mkesha ndio nataka kukusimulia, maana ulikuwepo nyumbani lakini hukujua nimetoka wapi.

Nianzie nyuma. Baba yako alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo huko Mwanza, na alirudi mara moja kwa mwaka, Krismasi, kama watu wetu wote wanavyorudi. Ila alikuwa mchelewaji. Wenzake walifika mapema wakamshika mnyama miguu, yeye alifika watu wameshanawa mikono. Kwa hiyo kila mwaka baba yako mdogo Melkiori ndiye aliyechinja na kugawa, kila mtu na kipande chake kama ilivyo desturi. Kidari, ambacho kwetu ni cha mwenye nyumba, nilikifunga kwenye jani la mgomba nikakining'iniza juu ya moto, kwenye moshi. Mtu akiuliza hicho cha nani, nilijibu, "Cha mwenyewe, yuko njiani." Nilipenda sana kulisema neno hilo. Baadaye ningesikia kikohozi chake kwenye kona ya mwisho ya barabara, kikohozi kikavu cha vumbi la pamba, na ningejua nianze kuchochea makaa.

Akafa hukohuko Mwanza wakati wa masika, kwa homa ya siku chache. Ulikuwa darasa la pili. Wenzake wa kiwandani walimleta kwa lori, barabara mbovu, mvua kubwa, na walipofika wazee walisema jeneza lisifunguliwe. Kwa hiyo nilimzika mume wangu bila kumwona uso. Nilizika sanduku. Tukapanda miti ya masale kulizunguka kaburi, hapo chini ya kahawa unapopajua, watu wakala, wakaondoka, mvua ikaendelea kunyesha.

Ikaja Desemba. Mwaka ule maduka yalikuwa yameanza kupata vitu tena, watu wakapanda mlima na sabuni za kunukia, redio, mashati ya mitumba kutoka Holili mpakani, kila kihamba, nyumba na migomba yake, kikawa na kelele. Melkiori akachinja, akagawa, akaninyooshea kidari kwa mazoea, na mimi kwa mazoea nikakifunga na jani nikakipandisha. Nilipokwisha kukaza kamba ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda. Nikamwangalia Melkiori, naye akaniangalia. Nikashuka nikaendelea kumenya ndizi.

Sasa kuna jambo ambalo sikukueleza ukiwa mdogo. Anayekula kidari ndiye mwenye nyumba. Wewe ni mtoto wangu wa pekee, tena wa kike. Kama ningekishusha siku ile, mkono wa kukipokea ulikuwa wa Melkiori, na baada ya kidari ingefuata migomba, na baada ya migomba kahawa, na sisi wawili tungebaki wageni kwenye kihamba chetu. Melkiori si mtu mbaya. Lakini mtu akikalia kigoda cha mwenye nyumba, haimchukui muda kuiona nyumba ni yake. Kwa hiyo niliacha kidari kibaki juu. Nusu ilikuwa mazoea, nusu ujanja. Mapenzi nayo yalikuwepo, usinifikirie vibaya.

Mchana uleule ukungu ukashuka. Si ule wa asubuhi unaopita. Ni ule unaokaa, unaoingia mpaka jikoni, usione hata mgomba wa pili kutoka mlangoni. Ndani ya ukungu huo akatokea jirani yetu Kanuti, anayefanya kazi Bukoba, ndiyo kwanza anafika, mzigo bado begani.

"Shimboni, shemeji!" akanisalimu. "Krismasi njema. Mzee wako nimemwacha Himo."

"Mzee gani?"

"Aloyce, mzee gani tena? Yuko pale magari yanapopakia, na mkoba wake wa bluu. Nimemwambia ipo nafasi moja, tubanane, akakataa. Kasema tangulia, nangoja mzigo wangu ushushwe. Aliniuliza kama mmeshachinja."

Bukoba ni mbali, na simu hatukuwa nazo. Watu wetu wengi walijua nani amekufa siku ile wanapofika nyumbani kwa Krismasi. Kanuti hakuwa na habari. Nilipaswa kumwambia. Nikaangalia viatu vyake vyenye vumbi jekundu la Himo, nikasema, "Asante, shemeji. Tumeshachinja."

Hakufika mbali. Kwenye kihamba cha pili wakamwambia. Nilisikia sauti yake kwenye ukungu, sauti ya mtu aliyekanyaga kitu kilicho hai, kisha nikamsikia anatapika.

Asubuhi ya Krismasi watu walikwenda misani. Mimi nilikuvalisha gauni lako la njano, nikafunga mlango wa jikoni kwa kamba, tukashuka Himo. Nilisimama pale magari yanapopakia nikamwuliza kila aliyeshuka, "Umetoka Mwanza?" Wengine walijibu, wengine walinipita na mbuzi wao. Jua likapinda. Wewe ulikuwa umechoka, umekaa juu ya gunia la mtu. Dada mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniuliza namtafuta nani. Nikamweleza: mrefu, leso shingoni, mkoba wa bluu.

"Yule anayekohoa?" akasema. "Mmepishana. Amepanda sasa hivi, kwa miguu."

Sikuwa nimemwambia habari ya kikohozi. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi sana, Prisca, na bado nina hakika sikumwambia.

Gari hatukupata, tukapanda kwa miguu sisi pia. Ukungu ukatupokea nusu ya njia. Yaliyofuata unayakumbuka, maana ulikuwa unayasema ukiwa na homa. Mbele yetu, kona moja tu mbele, mtu alikuwa anakohoa. Tukikaza mwendo, yeye yuko kona nyingine. Tukipumzika, kimya. Ukaita, "Baba!" Kikohozi kikakoma. Hata maji ya mfereji niliona kama yameacha kutembea. Halafu kikaendelea, juu zaidi, bila haraka yoyote.

Tulipofika, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kamba imekunjwa vizuri imewekwa kizingitini. Kigoda chake kimevutwa karibu na moto, na moto, ambao niliuacha majivu, ulikuwa umechochewa. Kidari kilikuwa palepale, hakijaguswa. Mbwa alikuwa amelala mbele ya kigoda kitupu, anapigapiga mkia chini.

Labda yote yana maelezo. Labda Melkiori alipita akaota moto. Mlima mzima unakohoa msimu ule. Dada wa mahindi alikuwa na huruma, akatafuta neno la kunituliza. Niliyawaza hayo yote siku ileile, mimi si mjinga. Lakini nilikuwa nimeonja kitu. Kumkosa mtu kunauma mpaka kwenye mifupa, na kila asubuhi kunaanza upya. Kumngoja mtu hakuumi hivyo. Anayengoja ana kazi: anafagia, anapika, anaangalia njia. Nikachagua kungoja. Wewe sikukuuliza, nilikuchukua tu pamoja nami kama nilivyokuchukua Himo.

Miaka iliyofuata tumeishi wote. Mwaka wa pili Kanuti, ambaye sasa alijua, alikuja na uso umemshuka akaninong'oneza, "Shemeji, sijui nikwambieje. Yuko tena." Mwaka mwingine alikuja utingo wa pikapu ambaye hakuwahi hata kumjua baba yako. Akasema kuna mzee kule chini anauliza kama watu wa huku kwetu Kilema wameshachinja. Kila Krismasi nilikishusha kidari cha mwaka uliopita, kimekauka kimekuwa cheusi, nikakifukia karibu na masale, nikapandisha kipya. Mbwa hakuwahi kukifukua hata kimoja. Mbwa yule aliyekuwa anaiba nyama kwenye sufuria inayochemka.

Na wewe ukakua ndani ya hayo. Ulimpaka baba yako viatu rangi kila tarehe ishirini na nne. Ulimwekea sahani. Ukiwa msichana mkubwa ulianza kushuka Himo mwenyewe, unasimama umeelekea barabara ya Moshi, hucheki na wenzako, huli kitu. Nilikusifu. Niliwaambia watu, "Mtoto wangu hasahau." Niliona nimelea mtoto mwenye upendo, kumbe nilikuwa nimelea mlinzi. Siku moja shangazi yako Apolonia, tukiwa tunamenya ndizi za mtori, alinichokoza kama kawaida yake.

"Mke wa kaka," akasema, "huyo mtu mmemfanyia nini? Nani anasafiri miaka yote hii na mkoba mkononi? Hata mizigo ya forodha pale Holili huachiliwa siku moja."

Nilimwambia aangalie chungu chake. Sikusema naye mpaka Pasaka. Niliona ananionea wivu, maana mume wake alikuwa amekufa na kukaa kimya.

Basi sasa, mkesha wa Krismasi hii iliyopita. Ulibaki nyumbani na masufuria kwa sababu ya wageni wa Melkiori. Nilikipandisha kidari, nikavaa gauni langu jeusi lile la kila mwaka, nikashuka peke yangu. Himo siku hizi si ile. Maduka yamejaa, malori yamepangana, vijana wanauza kila kitu wakiimba bei, na yule dada wa mahindi hayupo siku nyingi. Ukungu ambao kwa kawaida hauteremki mpaka kule chini, siku hiyo uliteremka. Nilisimama mahali pangu.

Basi likasimama, akashuka kijana wa umri wako na begi mgongoni. Nikamsogelea.

"Mwanangu, umetoka Mwanza?"

Akafungua mdomo kujibu. Utingo wa pikapu akamdaka mkono.

"Usimjibu," akamwambia, wala hakunong'ona sana. "Huyo mama ni marehemu."

"Marehemu nani?"

"Si huyo hapo. Alikuwa anamngoja mumewe hapa mpaka akafa. Anatokea Krismasi tu, na gauni hilohilo. Ukimjibu anapanda gari na wewe."

Kijana akapiga ishara ya msalaba. Akarudi nyuma taratibu bila kuniondolea macho, akazunguka gari, akapandia upande wa pili. Gari likaondoka na watu wote waliokuwa ndani wakinitazama.

Nilitaka kucheka. Kicheko kikagoma. Nikamgeukia mama wa ndizi nikamwuliza fungu bei gani. Akatazama pembeni, akaanza kukusanya vitu vyake, mtoto wake akajificha kwenye khanga ya mama na jicho moja nje. Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa baridi, na katika ule ukungu haikuwa na rangi. Na hapo, Prisca, nakuambia kweli mbele ya Mungu, nilijiuliza ni lini. Kama nimekufa, nilikufa lini? Nilijaribu kukumbuka nani amenisemesha siku hiyo. Asubuhi ulikuwa umenipa mgongo jikoni. Melkiori hanisemeshi akiwa na wageni. Njia nzima nilishuka kwenye ukungu bila kukutana na mtu. Nikakumbuka jana yake, na juzi yake, na kila nilipotafuta uso ulionitazama na kunijibu, niliona migongo tu. Nikawaza: labda ni homa ile ya mwaka juzi. Labda sikupona, labda mwanangu amenizika na kunyamaza, na ndiyo maana alinipa mgongo.

Mbele ya duka moja palikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee kipofu, fimbo katikati ya magoti, anatafuna kitu. Nikamwendea. Huyu haoni gauni langu, nikajiambia, huyu hawezi kudanganywa na macho. Nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Akaendelea kutafuna. Nimengoja vitu vingi maishani, lakini sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja hapo, nimeinama mbele ya mtu nisiyemjua, nimezuia pumzi.

Akameza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sauti inakutetemeka. Umelowa wewe. Nenda kwa watu wako."

Nilimshukuru mpaka akashangaa. Nilimwambia ahsante, ahsante, Mungu akubariki, nikamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto, na aliusikia wangu maana alisema, "Ee, baridi hiyo!" Halafu nikapanda mlima. Sikumbuki kama nilipata gari. Nakumbuka tu kwamba nilimsalimia kila niliyekutana naye, watoto, walevi, mtu na punda wake, na kila aliyeitikia nilizidi kukaza mwendo.

Sasa unajua mtu aliyeingia jikoni jioni ile alikuwa anatoka wapi. Mliniona tu na matope mpaka magotini. Nilipanda juu ya kigoda nikaikata kamba.

Melkiori akasema, "Shemeji, hicho si cha mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi," nikasema.

Nikakifungua jani nikakitupa juu ya makaa. Shangazi yako Apolonia peke yake ndiye aliyenyanyuka, akaniletea chumvi. Nilikula, mwanangu. Nilikula kwa njaa ya miaka, mafuta yakanitiririka mpaka kwenye viwiko, na Melkiori akatazama moto mpaka nikamaliza, na tangu siku hiyo hajauliza tena kidari ni cha nani. Nikakukatia kipande. Ukakiangalia, ukaniangalia, ukatoka kwenda kukaa kaburini mpaka giza likaingia.

Hapo nilikosa. Nilikufundisha kungoja tangu darasa la pili, halafu nikaacha siku moja tu, mbele za watu, bila kukuonya. Ningekuita pembeni. Ningekushika mikono kwanza. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye kufa, adabu sikuwa nayo.

Unafikiri nilimfungia baba yako mlango. Nimeliwaza sana hilo, na sina hakika na kitu. Sijui kama alikuwepo Himo. Lakini kama alikuwepo, nasema kama, basi mtu mwenyewe alikuwa amechoka, anasimama katika msongamano ule kila mwaka, wenzake wanapanda magari yeye anabaki, na aliyemweka pale ni mimi na wewe. Tulimwekea nyama na tukamnyima kufika.

Siku ya pili yake, Krismasi yenyewe, Kanuti alikuja wewe ukiwa umejifungia chumbani. Akakaa, akanywa mbege kata nzima, akasifu ndizi, akasimulia habari za samaki wa kule. Nilimsubiri aseme. Hakusema. Akaaga. Nikamfuata mpaka penye ua.

"Kanuti," nikamwambia, "mwaka huu hukunipa habari."

Akavua kofia. "Nisamehe, shemeji," akasema. "Nilitafuta kila mahali. Nilizunguka mpaka nyuma ya maduka. Mwaka huu sikumwona."

Aliomba radhi kana kwamba nilimkabidhi mtu akampoteza njiani. Mimi nilikaa chini palepale kwenye majani nikalia. Sikulia hivyo siku ya mazishi. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, mpaka ng'ombe akanyanyua kichwa. Wewe ulisikia, najua, na ukafikiri ni majuto. Hayakuwa majuto. Nilikuwa nimefiwa. Nilikuwa mjane kwa mara ya kwanza, na iliuma vilevile nilivyoogopa kwamba itauma.

Lakini sikiliza kilichonipata baada ya hapo, maana ndicho ninachotaka uende nacho Songea. Siku ile nililala mpaka jua likatoka. Nilipoamka nilitaka chai yenye maziwa mengi. Siku mbili tatu baadaye nilitaka kitenge, kile cha rangi ya machungwa tulichokiona kwa mama mmoja wa Holili, nikashangaa, kwa sababu sikuwa nimetaka kitu cha dukani miaka mingi. Nataka kupaka chokaa ukuta wa mbele. Nataka kumjua mtu utakayemleta nyumbani siku moja, nimtanie mpaka ajute. Mtu anayengoja ana kitu kimoja tu mbele yake, na hicho kimoja hakifiki. Mimi sasa nina vitu vidogovidogo vingi, na vingine vitafika. Sijui kama ndicho mapadre wanachokiita matumaini. Kinafanana na njaa.

Na bado namkumbuka baba yako. Jana nilikuta leso yake nyuma ya kabati, nikainusa, haina harufu tena, nikaumia mchana mzima. Kisha nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Sikuiweka kitandani, sikuiwekea sahani. Niliumia tu, mtu mzima aliyefiwa, na ilipofika jioni nilikuwa na hamu ya kula.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nuna kadiri unavyohitaji, Songea ni mbali na kuna nafasi ya kutosha. Lakini usije ukaenda huko ukaanza kumngoja. Ukiwa nesi utawaona watu wakifa, na utawaona jamaa zao wamesimama kwenye korido wakiangalia mlango. Usiwahubirie. Wasalimie tu, na uhakikishe umewaitikia.

Nasikia mbwa anakubwekea, umeshaingia kihambani, lazima nimalize.

Kesho nitakusindikiza mpaka Himo. Basi likiondoka nitageuka nipande gari la kwanza la Kilema, kwa hiyo usichungulie dirishani kunitafuta, hutanikuta nimesimama. Na Krismasi ijayo tutachinja kama kawaida. Kidari nitakichoma siku hiyohiyo, kikiwa kibichi, na nusu ni yako, kwa sababu nyumba hii ina wenyewe wawili, wote wanawake, na Melkiori ameshasikia. Lakini juu ya moshi hakitapanda. Usipotokea nitakula na hiyo nusu yako, nitalamba vidole, wala sitashuka kumwuliza mtu kama amekuona njiani. Sitakungoja, Prisca. Kama unataka kula nami, uje mapema.

Ni mimi mama yako, mzima.